Kundi la mji, kundi la dunia au mtu mmoja wa usiku? Kutafuta wenzako kwenye simu ukiishi na SS Lubumbashi

Mwezi wa sita, asubuhi, benchi ya kliniki ilikuwa ya baridi kama bati la paa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Katuba na binti wa miaka minne aliyevishwa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Mkononi alishika karatasi ya laboratwari iliyokunjwa mara nne. Majibu: SS, yaani selimundu. Aliponisikia nikimwambia muuguzi kwamba na mimi ni SS, na kwamba nina miaka 34, alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akarudi usoni. Nyumbani walikuwa wamemwambia watoto wa aina hii hawakui.

"Yaya," akaniuliza, yaani mkubwa wake, "wanasema kuna watu wa huu ugonjwa wanaongea kwenye simu. Miye niingie wapi?"

Nikachukua namba yake, nikamtia papo hapo kwenye kundi langu la WhatsApp. Siku ya sita alikuwa ametoka. Usiku wa kwanza tu alikuta ujumbe zaidi ya mia, picha ya mshumaa ya kijana wa Likasi aliyefariki, na mtu anayeuza chupa za "kumaliza SS kabisa". Mama aliyetaka kujua kama binti yake ataishi, mimi nilimpeleka msibani na sokoni kwa wakati mmoja. Bado inaniuma. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia pale kwenye benchi.

Kwa wasomaji wa mbali: SS ndiyo drepanositozi, ambayo Watanzania huiita selimundu. Seli nyekundu za damu, badala ya kuwa duara laini, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo huanza maumivu tunayoyaita kirizi. Kiu, homa, uchovu na baridi huyaamsha, na mji wetu uko juu, karibu mita 1,200. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo majira ambayo wengine hutoa makoti na kukaa karibu na mbabula, jiko la makaa, kwetu ni majira ya kulazwa.

Unatafuta nini, na saa ngapi?

Watu huuliza kundi gani ni zuri. Mimi siku hizi naanza kwa kuuliza: zuri kwa saa ngapi? Mchana mtu wa SS anataka kujua famasia ipi leo ina dawa zetu, asidi foliki na haidroksiyurea, na ni franka ngapi. Siku za utulivu anataka kuuelewa ugonjwa wenyewe: kwa nini macho ni ya manjano, kama anaweza kuzaa, wengu ni nini. Lakini saa nane ya usiku, mgongo ukipigwa kama kwa nyundo na nyumba nzima imelala, hataki somo wala bei. Anataka sauti ya mtu anayejua. Hayo ni mahitaji matatu, na kwa miaka yote niliyokaa humu sijaona mahali pamoja panapoyatimiza yote.

Kundi la WhatsApp la mji

Hili ndilo ninalolijua zaidi, na ndilo lililonipa mengi zaidi.

Nguvu yake ya kwanza ni Kiswahili chetu, tena kwa sauti. Mama ambaye hasomi Kifaransa, ambaye mbele ya munganga (daktari) hujibu "ndiyo" kwa kila kitu, akibonyeza ile alama ya kipaza sauti huongea dakika tatu bila kupumua. Humo nimesikia maswali ambayo sijawahi kuyasikia kliniki. Nguvu ya pili ni ukaribu. Mtoto wa Ruashi akihitaji kutiwa damu, familia huambiwa itafute watu wa kutoa. Ujumbe ukiingia saa mbili asubuhi, saa sita mchana watu wawili watatu wa Kenya (mtaa wetu wa hapa mjini, si nchi) au Kampemba wako njiani. Hakuna mtu wa Paris anayeweza kukusaidia hilo. Mega za intaneti nazo haziliwi sana: maandishi na sauti ni vyepesi. Kinachokula ni video za mahubiri na vichekesho, na hizo unaweza kuzizuia zisijipakue zenyewe kwa kubadilisha mpangilio wa simu. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Sasa ubaya wake. Ukiingia kwenye kundi la WhatsApp, kila aliyemo anaiona namba yako, na kundi moja linaweza kubeba watu hadi 1,024. Lubumbashi ni mji mkubwa lakini masikio yake ni ya kijiji. Dada mmoja ninayemheshimu aliandika humo juu ya kirizi yake, mtu akapiga picha ya skrini, na kabla ya wiki kwisha picha ilikuwa kwa mama mkwe mtarajiwa. Mahari haikupokelewa. Aliyefanya hivyo huenda hakuwa na nia mbaya, huenda alidhani anaisaidia familia ile. Matokeo kwa dada yule ni yale yale. Kama kazini hawajui, kama kwa wakwe hawajui, na wewe hutaki wajue, basi hapa si mahali pako pa kuanzia, hata kama kila mtu anakusifia.

Halafu vifo. Hili halisemwi, nami naona lisemwe. Kundi la watu wagonjwa wa mji mmoja litakuletea vifo vya watu uliowasikia wakicheka juzi. Mwaka mmoja vilikuja vitatu ndani ya baridi moja, nami nikatoka nikakaa nje miezi minne. Niliporudi tuliweka sheria: habari ya kifo hupita kwa msimamizi kwanza, huandikwa kwa maneno machache, bila picha, bila sauti ya kilio, na haitumwi usiku. Si kwamba tunaficha msiba. Tunawalinda vijana wa miaka kumi na saba wanaousoma wakiwa peke yao kitandani, wakijihesabia miaka.

Na wauzaji. Kila kundi linao. Mmoja huja na mizizi, mwingine na maji ya maombi, mwingine na vidonge vya maumivu vikali ambavyo havipaswi kuuzwa mkononi. Naelewa kwa nini mama hununua, maana mtu akisikia mtoto akilia usiku kucha hununua chochote. Lakini kuna dawa yenye ushahidi. Utafiti ulioitwa REACH, uliofanyika Angola, Kenya, Uganda na kwetu Kongo, kule Kinshasa, uliwapa haidroksiyurea watoto 606, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kutiwa damu kulipungua, vifo vilipungua. Hiyo haina maana uichukue kwa ushauri wa kundi. Kipimo chake huhesabiwa kwa uzito wa mwili, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Nimewahi kuona mama akimwandikia mwenzake "mpe kidonge kimoja tu, wangu alipona hivyo". Watoto wenyewe walipishana kilo tisa.

Ndiyo maana kwangu mimi tofauti kubwa kati ya kundi na kundi ni hii: je, yumo muuguzi au mtu yeyote aliyefundishwa, anayeweza kusema "hapana" na akasikilizwa? Wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walitutangulia katika hili. Tangu mwaka 2010 kule Kinshasa kuna vituo vinavyoitwa PODI, ambako dawa hugawiwa na watu wanaoishi na virusi hivyo wao wenyewe. Wamefundishwa, wanaandika kwenye daftari, na wana uzi unaowaunganisha na kituo cha afya. Uzi huo ndio wa kutafuta. Kundi la watu arobaini lenye muuguzi mmoja ni afadhali mara kumi kuliko la watu mia tisa lenye sala na bei.

Makundi makubwa ya Facebook, kwa Kifaransa

Hapa utakutana na watu wa Kinshasa, Abidjan, Paris, Brussels, Montréal. Ukitaka kujifunza, sijaona pengine panapofikia hapa. Kuna wanawake wenye SS waliozaa mara mbili wanaoeleza wiki kwa wiki walivyofuatiliwa. Kuna wanaume wa miaka sitini. Mara ya kwanza nilipomwona mzee wa SS mwenye mvi, nilikaa na simu mkononi muda mrefu bila kusoma neno.

Facebook ina kitu kimoja ambacho kundi la WhatsApp halina: ndani ya makundi mengi unaweza kuandika bila jina lako kuonekana na wanachama. Kumbuka tu kwamba wasimamizi wanaliona, na kampuni yenyewe inaliona. Kwa wanaume hili ni jambo kubwa. SS huweza kuleta usimamaji wa uume wenye maumivu, bila hamu yoyote, na vijana wetu hufa na siri hiyo kwa aibu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliteseka nao miaka miwili bila kumwambia hata mama yake. Swali hilo hawezi kuliuliza kwenye kundi alimo shangazi yake. Aliliuliza kule, bila jina, saa tano ya usiku, akajibiwa na wanaume saba. Na jibu walilompa lilikuwa sahihi: ukipita muda wa saa 4 mfululizo, ni hospitali usiku huo huo, hakuna kungoja kuche.

Lakini ukiingia, ingia na kinga mbili. Ya kwanza ni tarehe. Maandishi ya zamani hubaki palepale yaking'aa kama mapya. Nimekutana na watu wakisifu dawa ya SS iitwayo Oxbryta na kuuliza waipate wapi, na hali kampuni ya Pfizer iliiondoa dunia nzima Septemba 2024. Kabla hujapeleka habari kwa munganga wako, tazama iliandikwa lini.

Ya pili ni moyo wako. Uingereza iliruhusu Casgevy Novemba 2023, tiba ya kwanza inayorekebisha jeni kwa mbinu ya CRISPR, na Marekani ikafuata Desemba, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Watu wa kule wanaijadili kwa haki yao. Wewe unasoma hayo huku unahesabu franka za kopo la asidi foliki. Kuna siku inatia tumaini, na kuna siku inakuvunja. Mimi nimejiwekea mipaka: nasoma kule Jumapili mchana, nikiwa nimekula, nikiwa sina maumivu, na naandika maswali kwenye daftari la kliniki. Usiku sifungui.

Mega pia. Facebook ni picha na video, hula kuliko WhatsApp. Na kama Kifaransa chako ni cha shida, tafuta mtoto wa shule ya sekondari nyumbani akusomee, ila kwanza uamue kama unataka mtoto huyo ajue kila kitu.

Telegram na majirani wa mashariki

Telegram nitaipita haraka. Inaficha namba ya simu ukitaka, na kundi lake linaweza kufika watu 200,000. Lakini watu wetu wa SS hawapo huko kwa wingi, na mahali ambapo yeyote anaweza kukutumia ujumbe bila kukujua, wauzaji wa miujiza hufika kabla ya wagonjwa. Sikushauri uanzie hapo.

Makundi ya Watanzania yana faida ambayo wengi Lubumbashi hawaifikirii. Tafuta kwa neno "selimundu" na mlango utafunguka: maelezo marefu, kwa Kiswahili, yaliyoandikwa na watu wanaotibiwa katika nchi yenye uzoefu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utafiti tangu 2004. Kiswahili chao kwa sikio la mama wa Katuba kinafanana na cha Biblia, lakini anakielewa. Kwa kujifunza, napaweka mbele ya makundi ya Kifaransa kwa yeyote asiyesoma Kifaransa. Kwa bei, kwa dawa iliyopo leo, kwa damu, hapakufai kitu: mfumo wao wa matibabu si wetu.

Mtu mmoja

Mtu huyu hana kundi wala msimamizi. Ni mwenzako mmoja tu uliyekutana naye humo ndani, mkaelewana mkatoka pembeni.

Wangu yuko Montréal. Ni dada wa Kamalondo aliyehama zamani, SS kama mimi. Majira yetu ya baridi ni majira yao ya joto, na wakati huo saa zao ziko nyuma yetu kwa saa sita. Kwa hiyo kirizi ikinishika saa nane ya usiku, kwake ni saa mbili, amemaliza kula, anaosha vyombo. Ananiacha kwenye spika, ananiuliza nimekunywa maji kiasi gani, ananihesabia pumzi, halafu anaendelea na vyombo vyake nami nikisikia maji yakimwagika. Sijui niliandike vipi hili ili lieleweke kwa asiyepata maumivu haya. Kusikia tu mtu yuko macho, hana haraka, na hashtuki.

Ukitaka kuchagua mtu wa usiku, angalia saa zake kabla ya ukaribu wake. Jirani wa Bel-Air amelala kama wewe ulivyopaswa kulala. Na mpatane mapema, mkiwa wazima wote wawili. Sisi tulipatana hivi: akipiga mara mbili nisijibu, ana namba ya kaka yangu. Nikimwambia "nimechoka kusikiliza leo", hakasiriki. Hatukopeshani fedha. Hilo la mwisho tulilisema wazi, kwa sababu urafiki mwingi wa namna hii nimeuona ukifia hapo. Na kwa wasichana naongeza: mtu mpya anayekutumia ujumbe wa pembeni siku ya pili, anayejua kukufariji vizuri mno, anayetaka picha yako, mwache.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala, kundi liwe lolote. Homa ya mtoto wa SS ikifika nyuzi 38.5, kifua kikiuma na pumzi ikawa fupi, upande mmoja wa mwili ukilegea au mdomo ukapinda, mtoto akipauka ghafla na tumbo la kushoto likavimba, usiandike kwenye kundi. Chukua mtoto, nenda. Utaandika ukiwa pikipikini.

Kwa hiyo, nani aende wapi?

Mzazi aliyepewa majibu wiki hii simpeleki tena kwenye kundi kubwa la aina yoyote. Mpe mzazi mmoja mwenzake kwanza, kisha kundi dogo lenye muuguzi, na mengine baada ya miezi. Kijana mwenye siri aanzie Facebook bila jina, au Tanzania, asome tu wiki mbili kabla hajaandika. Mtu mzima anayeujua ugonjwa wake ila amechoka kuwa peke yake hahitaji habari zaidi. Atafute mtu wake wa usiku. Na anayeishi Kipushi au mbali zaidi, mahali mtandao huja na kuondoka na simu huchajiwa kwa jirani, apatane na mwenzake siku na saa ya kupigiana simu ya kawaida. Miito ya kila Jumamosi jioni imewasaidia watu ninaowajua kuliko makundi waliyoyafungua mara moja kwa wiki na kukuta ujumbe mia tano.

Popote utakapoingia, usitume karatasi ya majibu yenye jina la mtoto, wala uso wake akiwa kitandani. Atakua. Atakuwa na miaka ishirini, na picha hiyo bado itakuwa kwenye simu za watu asiowajua.

Yule mama wa Katuba nilimpigia baada ya wiki mbili, nikamwomba msamaha. Kundi lolote hakulitaka tena, na sikumsukuma. Nilimwomba ruhusa ya kumpa namba ya mama mmoja wa Ruashi tu, mtu mkimya, fundi cherehani. Akakubali kwa shingo upande. Jioni ile mama wa Katuba alimtumia mwenzake ujumbe wa sauti. Alinisikilizisha baadaye kliniki, amekuja na binti yake na sweta zake mbili. Sekunde ishirini na kitu, anahangaika na maneno, binti anakohoa nyuma: "Mama, samahani kukusumbua. Wa kwangu ana ine. Wa kwako ana ngapi?"

Na jibu, na cherehani ikinguruma humo ndani: "Wa kwangu ana kumi na moja, mama. Yuko darasa la sita, sasa hivi ananiletea kelele hapa. Uliza tu."